Pikipiki nyeusi, mvua ya volkano na historia ya kromu

Bandugu wa promosheni, na nyinyi wadogo muko bado kwenye oditwari, leo tunaacha kidogo mnyauko wa migomba na mambo ya muhogo. Najua wengi munanifuata ju ya mashamba. Lakini hii miezi naulizwa ulizo moja na vijana waliomaliza chuo na ambao, kazi ikikosekana, walinunua pikipiki. Wanauliza: kupaka pikipiki yote nyeusi, gidoni, janti, tuyo ya moshi, mpaka gadibu iliyokuwa inang'aa, ni mode tu ao kuna sababu? Ukipita Birere ao Majengo unaona vile warangi wanavyofanya hiyo kazi kando ya barabara, chuma cheupe kinaingia asubuhi, jioni kinatoka cheusi. Wazee wanacheka, wanasema kijana amenunua kitu kipya halafu anakizimisha.

Jibu langu ni refu, na linaanzia mbali na Goma.

Kromu yenyewe iligunduliwa Paris mwaka 1797 na mkemia Louis-Nicolas Vauquelin, kutoka jiwe jekundu lililotoka Siberia. Jina lake lilichukuliwa kwenye Kigiriki, maana yake ni rangi, ju chumvi zake zinatoa kijani, njano, nyekundu. Inachekesha kidogo: kile chuma tunachokijua ju ya kukosa rangi, cheupe kama kioo, kinaitwa rangi. Zaidi ya miaka mia moja hakuna aliyekuwa anajua kukipaka vizuri juu ya chuma kingine kwa umeme. Pikipiki za kwanza zilikuwa na nikeli, ambayo inang'aa kwa unjano fulani lakini inafifia, na kila wiki mwenyewe anatakiwa kuisugua. Katikati ya miaka ya 1920 ndipo viwanda vilipata njia ya kupaka kromu kwa wingi, na miaka ya 1930 ikawa mode kila mahali. Ubelgiji, iliyokuwa inatawala huku kwetu, ilikuwa na viwanda vitatu vikubwa vya pikipiki, FN, Saroléa na Gillet, vyote vitatu Herstal, pembeni ya Liège. Kung'aa ilikuwa njia ya kusema: mimi niko na pesa, na sina haja ya kusugua.

Lakini nyeusi ilitangulia. Ford ya Model T, kati ya 1914 na 1925, ilitoka nyeusi peke yake, ju kiwanda kilitaka rangi moja, rahisi na yenye kudumu, ili kazi isisimame. BMW ilipotoa pikipiki yake ya kwanza, R32, mwaka 1923, iliipaka nyeusi na kuichora mistari mieupe. Kwa hiyo yule anayesema nyeusi ni mambo ya vijana wa TikTok, umwambie babu yake alikuwa hajazaliwa.

Sehemu ninayoipenda zaidi katika hii historia ni vita. Kromu haitumiki tu kwa kupendeza. Ukiichanganya na chuma unapata chuma kigumu kisichopata kutu, na bila hicho huwezi kutengeneza vifaru, mizinga wala injini za ndege. Ujerumani ilitegemea sana mawe ya kromu kutoka Uturuki, na Aprili 1944, Uturuki ilipoacha kuyapeleka, ilikuwa pigo zito kwa viwanda vya silaha. Upande wa pili, Marekani, serikali ilikataza mapambo ya kromu kwenye magari ya raia. Magari yaliyotoka kiwandani mwanzoni mwa 1942 yalikuwa na vyuma vilivyopakwa rangi pale kromu ilipokuwa inakaa, na Februari ya mwaka ule kiwanda chenyewe kikaacha kutengeneza magari ya raia. Wamarekani waliyaita kwa jina lenye maana ya kuzimwa taa. Pikipiki za jeshi, kama Harley-Davidson WLA, zilipakwa rangi ya kijani cha majani makavu mpaka kwenye janti, ju kioo kidogo cha kromu kikipigwa na jua kinamwonyesha adui mahali uko. Ni hapo watu walizoea kuona mashine yenye nguvu lakini haing'ai.

Vita ikaisha, kromu ikarudi, halafu ikakosekana tena. Wakati wa vita ya Korea, 1950 mpaka 1953, nikeli ilikuwa adimu, na bila nikeli chini yake kromu haishiki vizuri. Viwanda vya Uingereza vikapunguza kung'aa, matangi yaliyokuwa ya kromu yakapakwa rangi. Munaona? Mara mingi nyeusi haikuchaguliwa, ililetwa na ukosefu.

Wa kwanza kuichagua kwa moyo, kwa maoni yangu, alikuwa Philip Vincent na fundi wake Phil Irving, katika mji wa Stevenage. Mwaka 1948 walitoa Vincent Black Shadow. Mwendo wake ulikaribia kilomita 200 kwa saa, jambo ambalo pikipiki ya kununua dukani ilikuwa haijafikia, na mashine yote, pale wengine walipokuwa wanasugua aluminyumu ing'ae, wao waliipaka nyeusi na kuichoma kwenye tanuru. Septemba ya mwaka ule ule, Rollie Free alipanda Vincent iliyotengenezwa kwa mashindano kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani, akalala tumbo juu yake amevaa kaptula ya kuogelea tu, akapita kilomita 241 kwa saa. Picha yake tafuteni, inaonekana kama mchezo, lakini ni kweli.

Harley-Davidson nao walijaribu mwaka 1977 na XLCR, nyeusi karibu yote, iliyochorwa na Willie G. Davidson. Haikuuzika. Walitengeneza kama 3,100 hivi, na wateja wa wakati ule wakasema hii si Harley, Harley inang'aa. Leo wanaoitafuta wanalipa bei kali. Mwaka huo huo wa 1977, tarehe 10 Januari, Nyiragongo ilipasuka na ziwa lake la moto likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Hayo mambo mawili hayana uhusiano wowote. Lakini Nyiragongo ndiyo inanirudisha nyumbani, ju bila hiyo jibu langu lingekuwa la mode peke yake.

Baada ya moto wa 17 Januari 2002, ule uliopasua mji wetu katikati na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege, ziwa la lava lilirudi ndani ya volkano na kukaa pale mpaka 22 Mei 2021. Karibu miaka 20, usiku mawingu yanakuwa mekundu, na mchana moshi unatoka. Pamoja na jirani yake Nyamulagira, hii milima imekuwa kati ya vyanzo vikubwa zaidi duniani vya gesi ya salfa. Gesi ile ikikutana na maji angani inakuwa asidi, inarudi chini na mvua. Mvua ya kawaida ina pH kama 5.6, chini ya ule moshi inashuka chini ya 5. Siye waagronomo tunaijua kwa majani ya maharagi yanayoungua pembeni kama yamepitishwa karibu na moto, upande wa Rusayo na kule upepo unakosukuma moshi. Mama zetu wanaijua kwa manjanja ya nyumba, yanayotoboka kabla ya wakati. Mwenye pikipiki anaijua kwa kromu.

Kromu ya mapambo ni nyembamba sana, haifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wako mmoja ni mnene kuipita zaidi ya mara 50. Kazi ya kuzuia kutu inafanywa na nikeli iliyo chini, kromu juu ni ngozi tu. Na ile ngozi iko na mipasuko midogo isiyoonekana kwa jicho. Maji ya asidi yanapita pale, yakikuta nikeli iliyopakwa kwa uchoyo, kama kwenye pikipiki za bei rahisi, yanafika kwenye chuma. Kutu inaanzia chini. Wewe unaona nukta ndogo ya kahawia, unasugua, kesho ziko kumi, halafu kromu inainuka kama ganda la yai. Ongeza mawe ya lava yanayorushwa na magurudumu, na barabara zetu munazijua. Motari mmoja wa Ndosho aliniambia kifupi: "Kromu ni ya batu ba kaburimbo."

Rangi nayo inaumizwa na mawe, tusidanganyane. Tofauti ni kwamba rangi ikitoka unaiona na unaipaka tena Jumapili kwa pesa kidogo. Kromu ikitoka, hapa Goma unaanza kutafuta kiwanda, na gadibu inabaki vile.

Kwa nini nasema ni jambo zito? Tangu mabenki ya Goma yalipofunga mwisho wa Januari 2025, wengi wetu akiba yetu ni kitu tunachoweza kushika. Kwa mwenzetu aliye na lisanse kwenye droo na TVS ao Boxer kwenye kiwanja, ile pikipiki ndiyo kazi na ndiyo benki. Siku ya ugonjwa ao ya minerval ya mdogo wake, ataiuza, na mnunuzi ataangalia kutu kwanza. Pikipiki mingi za sasa zinatoka kiwandani mashine tayari imepakwa nyeusi, kwa hiyo kumalizia sehemu zilizobaki hakuharibu sura. Lakini hapa kuna ujanja pia. Rangi nyeusi nzito kwenye fremu inaweza kuficha mahali palipopasuka na kusudiwa. Wewe unayenunua, pitisha kidole kwenye maungio, karibu na shingo na chini ya kiti. Fremu iliyopakwa upya juzi na mwenye haraka ya kuuza, mimi naiacha.

Kazi yenyewe haina siri, ina uvumilivu. Rangi haishiki juu ya kromu laini. Lazima kusugua na msasa mpaka kung'aa kote kuishe, kuosha mafuta, kupaka rangi ya kwanza ya kushikisha, halafu nyeusi mara mbili ao tatu nyembamba. Wengine wanatoa kromu kwa asidi ya betri na kumwaga mabaki kwenye mtaro. Kama mtu wa udongo naomba muache hiyo: ile kromu na risasi ya betri haziendi mbali, na chini ya mtaro kuna bustani ya lengalenga ya mtu.

Usiku ndio upande mbaya wa nyeusi. Barabara mingi hazina taa, na kromu, pamoja na makosa yake yote, ilikuwa inarudisha mwanga wa gari. BMW ya 1923 ilikuwa na mistari mieupe ya kupendeza. Yako weka ya kurudisha mwanga, nyuma ya gadibu na kwenye makali ya janti zote mbili. Haiharibu nyeusi, mchana haionekani sana.

Na tuyo ya moshi musiipake rangi ya gidoni. Pale karibu na mashine joto linafika mamia ya digri, rangi ya kawaida itatoa harufu, itafanya mapovu na itaanguka wiki ya kwanza. Tafuteni ile iliyoandikwa inavumilia 600, ipakwe nyembamba, ikauke usiku mzima. Asubuhi washa mashine dakika chache, zima, acha ipoe kabisa, washa tena muda mrefu kidogo, zima. Mara ya tatu ndiyo inashika, na moshi mdogo unaotoka pale usikutishe.