Ukuta wa Futi Kumi

Fundi aliandika hesabu nyuma ya risiti ya hadiwea, kwa kalamu iliyokuwa inakatakata wino. Bodi za jipsamu 5, kila moja shilingi 1,200. Vyuma vya kusimama 6 na vya kulala 2, vyote 300 kimoja. Skurubu na plagi 700. Fila 1,000. Tepu 200. Mkokoteni kutoka Gikomba 300. Kazi siku mbili, yeye 1,500 kwa siku, msaidizi wake 800. Jumla 15,200. Rangi na mlango nijipange mwenyewe.

"Bodi tano za nini, fundi?" nikamuuliza. Nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu. Ukuta ni futi 10 kwa 8, pande mbili, hizo ni futi 160 za mraba. Toa mlango wa futi mbili na nusu kwa saba, mara mbili, inabaki 125. Bodi moja ni futi 4 kwa 8, yaani 32. Bodi nne zinatosha na chenji.

"Mkubwa, hiyo ni hesabu ya darasani," akasema. "Bodi haimwagwi kama rangi." Akanionyesha ukutani kwa kidole: hapa bodi nzima, hapa nyingine unaikata ibaki futi tatu na nusu, inayobaki ni kijiti cha nusu futi. Juu ya mlango unataka kipande cha futi moja. Utakiunga kwa vijiti? Kitapasuka mlango ukifungwa kwa nguvu mara moja tu, na wewe una msichana hapa ndani.

Msichana mwenyewe ni mpwa wangu. Ana miaka 14, na analala sebuleni kwa mama yangu, nyuma ya pazia, katika mojawapo ya mitaa ya zamani kando ya Jogoo Road. Wageni wakija jioni anakaa kwenye kitanda chake na yunifomu yake hadi waondoke, kwa sababu pazia la maua halizuii kitu. Mama ndiye aliyenipigia simu. Hakuzungusha maneno: "Huyu mtoto amekuwa mkubwa. Niletee ukuta."

Mimi pia nililelewa nyuma ya pazia, na nilidhani ni umaskini wetu tu. Ilinichukua miaka mingi, na kusoma historia ya huu mji, kuelewa kwamba nyumba nyingi za Eastlands zilikosa ukuta kwa sababu kuna watu walikaa mezani wakaupigia hesabu na kuuacha nje.

Tuanzie pale ambapo kuta zilikuwepo. Manispaa ya Nairobi ilipoanzisha Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, iligawa ploti na wenyeji wakajijengea wenyewe. Walijenga nyumba ya Kiswahili waliyoijua: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, kuta za fito na udongo. Wenye nyumba wengi walikuwa wanawake, na walijua kitu ambacho ofisi za manispaa zilichelewa kukijua: ukuta ni mali. Ukiongeza ukuta mmoja wa udongo umepata chumba, na chumba kina kodi. Ukitembea Majengo leo, zile chache zilizobaki bado zina mpangilio huo.

Manispaa ilipoanza kujenga yenyewe ilikuwa na mtu mwingine akilini. Mfanyakazi Mwafrika, kwa mawazo ya wakati ule, alikuwa mwanamume mmoja aliyekuja mjini kwa muda, mwenye mke na watoto huko mashambani, na ambaye siku moja atarudi huko. Kwa nini umjengee vyumba? Kariokor, pale ambapo Carrier Corps ya Vita vya Kwanza ilipiga kambi na kuacha jina, mwishoni mwa miaka ya 1920 palijengwa mabweni ya wanaume. Watu hawakuyapenda. Nani anataka kulala na wageni kumi, sanduku lake liko wazi? Mwishowe mabweni yakagawanywa kuwa vyumba. Kwa hiyo kazi hii ya kuja kuweka kizigeu baadaye, kwa kuwa mchoraji alikisahau, ni ya zamani kuliko mimi na fundi wangu.

Lakini somo halikuingia. Kwa miaka mingi kipimo cha makao ya Mwafrika Nairobi kiliendelea kuwa kitanda, si chumba wala nyumba. Watu walikodishwa nafasi ya kitanda, wanaume watatu au wanne katika chumba kimoja. Mshahara nao ulifuata hesabu ileile. Kima cha chini kilipimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja asiye na familia. Ilikuwa mwaka wa 1954 ndipo Kamati ya Mishahara ya Waafrika, chini ya F. W. Carpenter, ilipoandika waziwazi kwamba mshahara wa kapera unapaswa kuachwa na badala yake pawe na mshahara wa kutosha familia. Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki ikaja na ripoti yake mwaka wa 1955, nayo ikasisitiza kwamba mfanyakazi lazima aweze kuishi mjini na familia yake.

Soma hizo ripoti kama makadirio ya fundi, utaona zinazungumzia kitu kimoja na risiti yangu. Ukuta wa ndani unatakiwa na nani? Na mtu mwenye mke, mwenye binti, mwenye mama mkwe anayekuja kutibiwa. Kapera hauhitaji. Ukimhesabia mtu mshahara wa kapera na nyumba ya kapera, umeokoa pesa za ukuta, na hizo pesa hazikupotea. Kuna mtu atazilipa siku moja. Katika ukoo wetu alianza kuzilipa nyanya yangu.

Si kusema kila mtaa ulikuwa hivyo. Kaloleni, uliojengwa miaka ya 1940, ulipangwa ukiwa na familia akilini, na miti na nyasi zake bado zinaonyesha. Baada ya hapo, katikati ya misukosuko ya Hali ya Hatari, ikafuata mitaa kama Mbotela na Ofafa, iliyopewa majina ya Tom Mbotela aliyeuawa 1952 na Ambrose Ofafa aliyeuawa 1953. Lakini hata palipokuwa na vyumba viwili, familia zilikuja na watoto sita, saba. Uhuru ulipofika 1963 zikaja kwa wingi zaidi, kwa basi, na kuku ndani ya kikapu.

Ndipo kikaanza kizazi cha vizigeu. Cha kwanza kilikuwa shuka. Halafu pazia kwenye waya, ambalo asubuhi unalivuta kando na chumba kinakuwa sebule tena. Kwa hilo pazia bado lina ubora ambao jipsamu haina. Halafu maboksi yaliyopigwa misumari kwenye fremu ya mbao na kubandikwa magazeti. Sisi tulijifunzia kusoma hapo, na nilijua matokeo ya mechi za miaka ambayo sikuwa nimezaliwa. Halafu hadibodi, halafu plaiwudi, iliyokuwa dalili kwamba baba wa nyumba hiyo ana kazi ya kudumu. Ubaya wa hivi vyote ni moto. Koroboi ikianguka, kizigeu ndicho kinachoupeleka moto upande wa pili.

Jipsamu ilifika kwetu imechelewa. Augustine Sackett alipata hataza ya bodi yake Marekani mwaka wa 1894, tabaka za karatasi na plasta, na huko ndiko ilikokuja kuchukua nafasi ya plasta ya kupakwa kwa mkono. Kamusi zetu zina neno jasi, lakini nenda Gikomba uulize bodi ya jasi uone watakavyokutazama. Sifa yake moja kubwa ni kwamba jasi imeshika maji ndani yake, karibu sehemu moja kwa tano ya uzito wake, na moto ukiipata yale maji hutoka kama mvuke kwanza kabla bodi haijashindwa. Adui yake ni maji ya juu. Bati likivuja, bodi inavimba kama mandazi. Ndiyo maana nilimwambia fundi kabla ya yote apande darini, na akakuta matundu mawili. Lami ya kuziba, 450. Hiyo haikuwa kwenye risiti.

Mama alikuwa na swali lake pia. Nyumba si yetu. Ni ya kaunti, sisi tunalipa kodi tu. Na kila mara kunasikika habari kwamba mitaa hii itabomolewa yajengwe maghorofa. Si maneno matupu. Pangani, nyumba za zamani za kaunti zimeshabomolewa na maghorofa yamepanda. Hiyo ni Pangani mara ya pili, kwa maana kijiji cha Pangani cha mwanzo kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu wakahamishiwa Shauri Moyo. "Sasa nitoe elfu kumi na tano," mama akasema, "halafu waje na tingatinga?"

Nilikosa jibu. Fundi ndiye aliyejibu, akiwa amechuchumaa anapima sakafu. "Mathe, hii si mawe. Ni skurubu. Siku wakikuja nifungulie niite, natoa vyuma vyote jioni moja unaenda navyo. Bodi ndizo sikuahidi."

Mama akapiga hesabu yake kimyakimya. Mpwa wangu yuko kidato cha kwanza, ana miaka mitatu zaidi mpaka amalize. Aligawanya 15,200 kwa miezi, naona, kwa sababu alisema, "Ni kama mia nne na kitu kwa mwezi. Nafasi ya kitanda." Hajawahi kusoma ripoti ya Carpenter. Alikuwa anakumbuka tu alivyolipa babangu alipofika Nairobi.

Kazi ilichukua siku mbili na nusu. Bodi ya tano ilitumika kama alivyosema: vipande viwili vya juu ya mlango, futi tano za mraba, basi. Futi 27 zikabaki. Nilitaka kumpa fundi aende nazo, mama akanikataza kwa macho. Ameziegemeza nyuma ya kabati, amezifunika kwa lile pazia la maua.

"Wacha hapo," alisema. "Kaka yake naye anakua."