Klampu za kuunganishia mbao

Klampu ni kibano cha chuma chenye taya mbili, moja ikitelezeshwa kwenye pao na nyingine ikisukumwa kwa skrubu, ambacho seremala hukitumia kubana mbao zilizopakwa gundi kingoni ziwe ubao mmoja mpana. Kwa kuwa mbano husambaa kutoka kila taya kwa pembe ya takriban digrii 45, mbao nyembamba huhitaji klampu zilizokaribiana zaidi kuliko mbao pana. Klampu za bomba ni imara na nafuu, na urefu wake hubadilishwa kwa kubadili bomba tu, ila chuma kitupu kikigusa gundi mbichi huacha doa jeusi kwenye mbao zenye tanini nyingi, kama mwaloni. Klampu zikipangwa kwa kupokezana juu na chini, ubao haupindi. Lakini hakuna klampu, hata iliyo bora kabisa, inayofaa kulazimisha kingo ambazo randa haikuzinyoosha.