Mkao wa mwili na kazi ya figo

Athari za mkao wa mwili kwa figo ni mabadiliko ya mtiririko wa damu, uchujaji na utoaji wa chumvi, maji na protini yanayotokea mtu anapolala, kuketi au kusimama. Akisimama, damu hutuama miguuni na inayorudi moyoni hupungua. Neva na mfumo wa renini, angiotensini na aldosteroni hubana mishipa ya figo, na mkojo na sodiamu hupungua. Akilala, mambo hugeuka. Ndiyo maana mgonjwa wa figo aliyevimba vifundo vya miguu mchana huweza kuamka usiku kukojoa mara kadhaa.

Kusimama pia huongeza protini kwenye mkojo. Kwa baadhi ya vijana hutokea bila ugonjwa wowote, ingawa ni nadra baada ya miaka 30. Hivyo kipimo cha mchana pekee huweza kupotosha. Anayechunguzwa hukojoa kabla ya kulala, kisha hukinga mkojo wa kwanza mara tu aamkapo. Ukiwa hauna protini ilhali wa mchana unayo, chanzo ni mkao. Katika ugonjwa wa figo wenyewe, kulala kwa kawaida hupunguza protini bila kuiondoa.