Rangi ya Pamba Iliyofichua Umbo la Maradhi

Kazi yangu maabarani ni kukata tishu vipande vyembamba na kuvitia rangi, daktari apate kuona kilichomo. Rangi ninayoiheshimu kuliko zote ni nyekundu ya Kongo, na nataka wanaoanza kazi hii waijue historia yake.

Haikutengenezwa kwa ajili ya hospitali. Mkemia Mjerumani Paul Böttiger aliigundua mwaka 1883, na kampuni ya AGFA ya Berlin ikawauzia watia rangi wa vitambaa, kwa kuwa ilishika pamba bila dawa ya kushikisha. Ilipoanza kuuzwa, mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekutana Berlin kulijadili bonde la Kongo, na jina hilo lilivuma sokoni.

Kwenye ubongo, rangi nyingine ilitangulia. Mwaka 1906, mjini Tübingen, daktari Alois Alzheimer alieleza ubongo wa Auguste Deter, aliyekuwa mgonjwa wake Frankfurt. Kwa rangi ya madini ya fedha aliona mabonge nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Rangi hiyo ilionyesha vitu hivyo vilipo. Jinsi vilivyojengeka haikuonyesha.

Mwaka 1922 Hans Bennhold aligundua kwamba nyekundu ya Kongo huing'ang'ania amiloidi, yaani protini inayojikusanya katika tishu. Mwaka 1927 Mbelgiji Paul Divry akaitia kwenye mabonge ya ubongo. Chini ya hadubini yenye mwanga wa polaraizi, wekundu ule hung'aa kijani. Kijani hicho ni ushahidi: molekuli za rangi zimelala kwa safu kwa sababu protini iliyozibeba nayo imejipanga.

Hadubini ya elektroni ilionyesha nyuzi za amiloidi mwaka 1959. Mwaka 1968 Eanes na Glenner walizipima kwa eksirei, wakakuta minyororo ya protini imekingama ndani ya uzi, mmoja juu ya mwingine kama vipandio vya ngazi. Mwaka 1984 Glenner na Wong wakaitenga beta-amiloidi ya ugonjwa wa Alzheimer. Mwaka 2017, watafiti wa Cambridge waliona mpangilio wa atomi katika nyuzi za protini ya tau, zile zinazosokotana ndani ya seli, kutoka ubongo wa mgonjwa wa ugonjwa huo: mikunjo yenye umbo la herufi C.

Kijani cha Divry kilikuwa kimeutangaza mpangilio wa namna hiyo miaka 90 kabla. Basi vijana wa maabara, msiharakishe kutia rangi wala msiruke hatua. Kipande kilichotiwa rangi ovyo humnyima daktari ushahidi, na mgonjwa ndiye anayelipa.