Waliounga Chuma cha Hanang

Ngano ya Hanang imeandikwa sana, bwana. Wa ripoti wameandika: ekari ngapi, tani ngapi, dola ngapi. Watetezi wa wafugaji nao wameandika, na mimi niko upande wao. Lakini soma uwezavyo, hutakuta mahali panapokwambia kombaini ilipokatika chuma katikati ya mavuno ni nani aliyelala kifudifudi chini yake, miwani myeusi usoni, akaiunga. Mimi ndiye huyo ninayemtafuta.

Kwa msomaji ambaye hajafika: Katesh iko chini ya Mlima Hanang, mlima wa zaidi ya mita 3,400, kando ya barabara ya Babati kwenda Singida. Ukiuzunguka mlima kuelekea magharibi unakutana na nyanda za Basotu. Zamani kote huko kulikuwa Wilaya ya Mbulu, baadaye Hanang ikajitenga, na mkoa ulikuwa Arusha mpaka Manyara ilipozaliwa mwaka 2002. Nyanda zile zilikuwa malisho ya Wabarabaig, Wadatoga ambao wengi mtaani tunawaita Wamang'ati, jina walilobandikwa na Wamasai, maana yake adui. (Fikiria kuitwa adui mpaka kwenye fomu za shule.)

Kuanzia mwaka 1970 likaingia shirika la umma la kilimo, NAFCO, na msaada wa Kanada. Mashamba yakawa saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret. Jumla karibu ekari 100,000. Wabarabaig walipoteza malisho, na makaburi ya wazee wao yakapitiwa na jembe. Wanakijiji wa Mulbadaw wakaenda mahakamani mwaka 1981. Mahakama Kuu ikawapa haki mwaka 1984, Mahakama ya Rufani ikaipindua hukumu mwaka 1985. Hayo yanajulikana, na yanauma.

Sasa turudi kwenye chuma, maana msaada ule ulikuja hasa kwa sura ya chuma. Matrekta makubwa, kombaini, mashine za kupandia, nyingi zikitoka Kanada kwenyewe. Yaani kilimo cha tambarare za Kanada kilibebwa kikatuliwa Basotu, na tofauti kubwa ilikuwa umbali wa duka la vipuri. Kule mkulima akivunjikiwa anaingia mjini jioni hiyohiyo. Huku kipuri kinavuka bahari, kinakaa bandarini, kinapanda lori, na ngano haisubiri. Kwa hiyo shamba la namna hiyo linaishi au kufa kwa karakana yake. Ni kweli, Watanzania walifundishwa kazi, wengine wakapelekwa mpaka Kanada. Majina yao ukiyatafuta vitabuni, utachoka.

Pengine ni kwa sababu sisi waandishi tunadhani kuchomelea ni kugusisha waya na bati mpaka cheche ziruke. Si mchezo huo. Niliwahi kukaa siku nyingi na mzee mmoja, fundi wa kuchomelea, nikimtazama akifunga mashine kubwa ya kusaga. Mashine kubwa haiji nzima, inakuja vipandevipande. Kwanza kitako chake kinakaa juu ya zege, kinapimwa kwa pima maji, vibati vyembamba vinasukumwa chini mpaka kitulie. Ndipo anachomelea, lakini hachomelei moja kwa moja. Anagusa kona hii, anahamia ya mkabala, anarudi. Chuma kikipata moto upande mmoja kinajikunja, na kitako kikijikunja shafti haitanyooka tena maisha. Waya wa arthi anaufunga jirani kabisa na pale anapounga. Ukiufunga mbali, umeme unapita kwenye beringi na kuzila, na mashine itakufa polepole bila mtu kujua aliyeiua.

Na kuna chuma cha kumwaga, kile cha mabloku ya injini. Hicho ukikivamia kikiwa baridi kinalia "tii!" na ufa mpya unafunguka pembeni ya ule uliouziba. Lazima ukipashe moto kwanza, uunge kidogokidogo, kisha ukifunike majivu au mchanga kipoe kwa saa nyingi. Fimbo za kuchomelea nazo zikinyonya unyevu zinaleta nyufa ambazo jicho halioni, basi mzee alizianika pembeni ya jiko kama samaki. Nilipomuuliza shule gani imemfundisha, alicheka tu: "We kijana, chuma chenyewe."

Hapo ndipo nikawakumbuka wahunzi wa Kidatoga. Upande wa Yaeda Chini na Ziwa Eyasi wapo hadi leo. Wanaitwa Gidang'odiga. Mivukuto ya ngozi, mkaa, nyundo na fuawe. Wanachukua misumari na vyuma chakavu, vinatoka vichwa vya mishale ambavyo Wahadzabe wanavifuata. Wanayeyusha kufuli za shaba, zinatoka bangili. Wadatoga wengine wanauhitaji mkono wao lakini hawaoani nao. Mhunzi anaoa binti wa mhunzi, basi. Mkuki na kisu vinapokelewa, aliyevifua anabaki nje ya ukoo.

Mtasema nalazimisha, kwamba mhunzi wa mivukuto na fundi wa jenereta si ndugu. Sawa, vifaa ni mbali. Umeme wa kuchomelea ni wa juzi tu: Mrusi Benardos aliuanza miaka ya 1880, na Msweden Kjellberg akaivika fimbo ganda mwanzoni mwa karne ya 20 ndipo kiungo kikawa imara. Ila nafasi yao kwa majirani naiona ileile. Wanaitwa usiku, wanalipwa, wanasahaulika asubuhi. Mhunzi walimtenga kwa damu. Huyu mwingine tumemtenga kwa kalamu, na kalamu hizo ni pamoja na zetu.

Wakanada walifunga mradi mwaka 1993. Fedha za vipuri zilipokatika, chuma kilibaki na wenyeji wa kukitunza, na mashine chakavu hazijui mfadhili ni nani. Moja inakatwa ili nyingine iishi. Ekseli inakuwa ya mkokoteni, bomba linakuwa nguzo ya geti, springi ya gari inakuwa panga.

Mzee wangu yule bado yupo, macho yameanza kumwasha kwa miaka ya mwanga. Nilimwomba anitajie mafundi aliofanya nao kazi tangu ujana. Alitaja kumi na wanne, mmoja mmoja, na kila jina akaliambatanisha na mashine iliyounganishwa na mwenyewe. Nimeyaandika yote kwenye daftari. Watatu bado wanachomelea.