Amoksisilini

Amoksisilini, ambayo kwenye maduka ya dawa watu huiita zaidi amoksilini, ni antibiotiki ya jamii ya penisilini. Hutolewa kwa cheti cha mtabibu kutibu maambukizi ya bakteria kama nimonia, sikio linalotoa usaha na mafindofindo. Ikiambatana na dawa nyingine hutibu pia bakteria wanaoleta vidonda vya tumbo. Haitibu mafua, wala malaria, wala kikohozi cha virusi, hata mgonjwa akiimeza kwa imani namna gani.

Alexander Fleming aligundua penisilini mjini London mwaka 1928. Penisilini hiyo ya mwanzo iliharibiwa na asidi ya tumbo, hivyo mgonjwa alitegemea sindano. Amoksisilini, iliyotengenezwa na watafiti wa kampuni ya Beecham nchini Uingereza na kuanza kuuzwa mwaka 1972, huistahimili asidi hiyo, na humezwa kabla au baada ya kula.

Bakteria huishi ndani ya ukuta mgumu, na kila anapojigawa lazima aujenge upya. Dawa hii huvibana vimeng'enya vinavyoufunga ukuta huo. Ukuta hulegea, maji huingia, bakteria hupasuka. Seli za binadamu hazina ukuta wa namna hiyo, na virusi pia havina, ndiyo sababu dawa haivigusi.

Kwenye bahasha ya dawa mara nyingi huandikwa 1x3. Wengi huisoma kuwa asubuhi, mchana na jioni, wakameza saa 2 asubuhi, saa 7 mchana na saa 1 usiku. Hapo kutoka kidonge cha usiku hadi cha asubuhi zinapita saa 13. Kwa mtu mwenye figo nzima, nusu ya amoksisilini iliyo kwenye damu huondoka kwa muda wa saa moja hivi, na bakteria hubanwa pale tu dawa inapokuwapo. Maana ya 1x3 ni kila baada ya saa 8: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Mtoa dawa akitaja saa hizo kwa sauti, amemsaidia mgonjwa kuliko maandishi yoyote. Aliyesahau kidonge akimeze akumbukapo. Muda wa kinachofuata ukiwa umekaribia, aendelee na hicho, asimeze viwili kwa pamoja.

Homa inaweza kushuka siku ya pili au ya tatu, na hapo ndipo vidonge vilivyobaki huwekwa kabatini vimsubiri mgonjwa mwingine. Nusu dozi ya mtu mmoja si tiba ya mwingine. Dawa ikitumiwa ovyo huua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi wenye kinga. Baadhi yao hutoa kimeng'enya kinachoikata dawa yenyewe. Kwa hao huongezwa asidi ya klavulaniki, inayokizuia kimeng'enya hicho. Fleming alionya juu ya usugu huu tangu mwaka 1945, alipopokea Tuzo ya Nobel.

Kwa mtoto mwenye nimonia, Shirika la Afya Duniani hupendekeza kidonge cha miligramu 250 kinachoyeyuka katika kijiko cha maji safi au maziwa ya mama. Dalili moja mzazi anaweza kuihesabu mwenyewe, mtoto akiwa ametulia, kwa dakika nzima: pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi asiyetimiza 5. Akifikia hapo apelekwe kituo cha afya. Dawa ya unga huchanganywa na maji yaliyochemshwa yakapoa, hadi kwenye alama ya chupa, hutikiswa kila mara, na hupimwa kwa kipimo kilichokuja nayo, kwani vijiko vya chai havilingani. Siku zilizoandikwa kwenye chupa zikiisha, inayobaki hutupwa.

Kuharisha na kichefuchefu hutokea. Hatari kubwa ni mzio: vipele, midomo kuvimba, pumzi kubana. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, dawa isimamishwe na mgonjwa akimbizwe hospitali saa hiyohiyo. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia warfarini au methotreksati, aseme mapema. Na aliyewahi kudhurika na penisilini yoyote aandikiwe hivyo kwenye kadi yake, maana siku akiletwa hajitambui, kadi hiyo ndiyo itakayosema kwa niaba yake.