Mkia wa Kijidudu cha Malale: Kutoka Kasongo hadi RNA Ndogo

Mto Lualaba, ambao watu wa Kabondo-Dianda huukuta Bukama, huteremka kaskazini hata kukaribia Kasongo. Hapo ndipo tabibu Mwingereza Joseph Everett Dutton alipofariki kwa homa ya kupe mwezi wa Februari 1905, akiwa katika msafara uliokuja Kongo kuchunguza malale. Yeye ndiye aliyekipa kijidudu cha ugonjwa huo jina la Trypanosoma gambiense, mwaka 1902. Wachunguzi wa zama zake walikitambua kwa mkia wake, yaani mjeledi, uliopepea katika damu. Hata hivyo, darubini iliwaonyesha mwendo wa mkia huo tu; haikuwaambia kama kijidudu chaweza kuishi bila ya mwendo huo.

Jibu lilipatikana kwa njia isiyotazamiwa. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walionyesha katika mnyoo mdogo kwamba RNA yenye nyuzi mbili huinyamazisha jeni inayolingana nayo. Mwaka uleule Elisabetta Ullu na wenzake walilithibitisha jambo hilo katika kijidudu cha malale. Mwaka 2001 Appolinaire Djikeng, mwanasayansi wa Kameruni ambaye baadaye aliongoza kituo cha utafiti cha BecA mjini Nairobi, alizitambua pamoja na wenzake RNA ndogo zenyewe, nyuzi fupi za herufi 24 hadi 26. Kwa uongozi wa nyuzi hizo, ujumbe wa jeni hukatwa kabla ya protini kuundwa, mithili ya barua iliyochanwa njiani.

Mwaka 2006 watafiti wa Uingereza walizinyamazisha hivyo jeni kadhaa za mjeledi. Kijidudu kiishicho damuni kilishindwa kugawanyika sawasawa, kikafa. Mkia, basi, ulikuwa uhai wenyewe.

Ama binadamu naye anavyo vijinywele vya mfano huohuo, visafishavyo njia za pumzi: jozi 9 za mirija pembeni na mirija 2 katikati. Mwaka 2011 ilidhihirika kwamba RNA ndogo iitwayo miR-449 huziwezesha seli za njia hizo kuotesha vijinywele. Mwaka 2014 panya waliokosa ukoo wa RNA hiyo walipungukiwa vijinywele, wakapumua kwa taabu.

Kwa hiyo, dawa itakayoulenga mkia wa kijidudu haina budi kuvisalimisha vijinywele vya mgonjwa. Hilo ndilo fumbo lililobaki kwa warithi wa Dutton.